Nililipia Salaita, mkanipeleka kwa tembo

Same,
Kilimanjaro.

Meneja,
Kampuni ya Utalii,
Moshi.

Ndugu Meneja,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU ZIARA YA SIKU MBILI YA VITA KUU YA KWANZA, TAVETA HADI VOI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Nimefundisha historia miaka 31, kwa hiyo mtanisamehe barua ikiwa ndefu.

Mwezi uliopita nilinunua kwenu nafasi tatu: yangu, ya dada yangu mwenye miaka 71, na ya mjukuu wangu aliye kidato cha pili. Kila nafasi shilingi 480,000, jumla 1,440,000, nikalipa zote kwa simu kabla ya safari. Ujumbe wa malipo ninao. Ratiba mliyonitumia inasema siku ya kwanza tungetembelea makaburi ya vita Taveta, tukapanda kilima cha Salaita kuona mahandaki, kisha tukalale kwenye vilima vya Taita. Siku ya pili ilikuwa Maktau, reli ya jeshi, makaburi ya Voi, na kurudi Moshi. Neno "wanyama" halimo. Nimeisoma mara nne, nikiwa nimevaa miwani.

Kwa nini Salaita, ndiyo niliyoulizwa na binti wa ofisini kwenu nilipokuja kulipa, na nilimweleza. Namwelezea na Meneja. Babu yangu mzaa baba na mdogo wake walichukuliwa na Wajerumani huku Upare wakiwa vijana, wakawa wapagazi. Wajerumani walikuwa wameiteka Taveta, iliyokuwa upande wa Waingereza, mwezi Agosti 1914, vita ikiwa changa kabisa, wakajichimbia Salaita ili kuziba njia ya kutoka Voi. Pale pakavu. Babu alisimulia kwamba maji walikuwa wakiyabeba vichwani, na mchana uliobaki walichimba. Babu alirudi nyumbani. Mdogo wake hakurudi, na hakuna aliyekuja kusema amezikwa wapi. Dada yangu alibeba udongo wa shambani kwetu kwenye kopo la siagi, auache kilimani. Si mila, ni wazo lake tu, lakini amekuwa nalo miaka mingi.

Sasa niwaeleze kilichotokea.

Tulivuka mpaka Holili bila tatizo, na hapo kijana wenu alitusaidia vizuri na makaratasi, nampa haki yake. Kwenye makaburi ya Taveta pia tulipewa muda wa kutosha. Ni mahali safi, mawe yamepangwa, nyasi zimekatwa. Ndipo mjukuu wangu akauliza wapagazi wamelala upande upi. Kijana wenu akajibu, "Hao hawakuwa wanajeshi," akaendelea na habari za von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani.

Meneja, hilo jibu limenikaa kooni. Katika vita ile ya Afrika Mashariki wapagazi walikuwa wengi kuliko askari, pande zote mbili. Ng'ombe na farasi walikufa kwa mbung'o, barabara hazikuwapo, basi kila gunia la unga na kila sanduku la risasi lilipanda kichwani mwa mtu. Waingereza peke yao waliwakusanya kwa mamia ya maelfu, na waliokufa ni makumi ya maelfu, wengi kwa kuhara na malaria kuliko kwa risasi. Kariakoo ya Dar es Salaam inaitwa hivyo kwa sababu ya kikosi chao, Carrier Corps. Nairobi wamewekewa mpagazi wao kwenye sanamu, amesimama na askari. Sanamu yetu ya Dar es Salaam ya mwaka 1927 ina askari mmoja tu na bunduki yake, lakini hilo si kosa la kampuni yenu na nimekwenda kando. Ninachosema ni kwamba mtu anayeuza ziara ya vita hii hawezi kukosa jibu la swali la mtoto wa kidato cha pili.

Kutoka Taveta tukashika barabara ya Voi. Salaita inaonekana mapema, si kilima kirefu, ukikipita bila kuambiwa hutakijua. Gari likasimama kwenye mbuyu ulio karibu nacho, ule wenye matundu, unaosemekana mwanamke wa Kijerumani alijificha ndani na kudungua askari wa Kiingereza. Hadithi hiyo ilichukua dakika 40 pamoja na kupiga picha. Sina ugomvi na mbuyu. Kila uwanja wa vita una hadithi yake ya namna hiyo, na wageni wanaipenda. Ila iliposimuliwa kama kitu kilichoandikwa kwenye kumbukumbu za jeshi nilinyamaza tu kwa sababu nilijua kilima kinafuata.

Hakikufuata. Kijana wenu alisema njia imeota vichaka, hakuna mtu wa huko aliyepangwa kutupandisha, na muda umekwenda. Palikuwa na kijana wa boda boda hapo hapo akisema anaijua njia ya mahandaki, anatupeleka kwa shilingi 1,000 za Kenya. Nilitaka kumlipa mwenyewe mfukoni. Nikaambiwa haiwezekani, wageni wengine wanne waliokuwa nasi garini wanatakiwa kuwahi kuona wanyama kabla jua halijazama. Kisha akaniinamia akasema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, hawa ndio wanaolipa dola."

Nimeyaandika maneno hayo kama yalivyotamkwa. Simlaumu sana kijana. Nadhani ameambiwa hivyo ofisini.

Basi dada yangu aliiona Salaita kupitia dirisha la Land Cruiser, kopo likiwa mapajani.

Njiani, ili kutupoza nadhani, tukaelezwa pigano lenyewe. Tuliambiwa kwamba tarehe 12 Februari 1916 Waingereza walikipanda kilima na kuwatimua Wajerumani. Ilikuwa kinyume chake. Siku hiyo brigedi ya wanajeshi wa Afrika Kusini, waliokuwa upande wa Waingereza na wageni kabisa katika nchi hii, ilitumwa mbele baada ya mizinga kupiga kileleni. Mahandaki hayakuwa kileleni, yalikuwa chini, kwenye tako la kilima. Walikutana na bunduki zikiwa zima, wakarudishwa nyuma. Kwetu hilo tunalijua tangu utotoni kwa maneno ya babu: "Tulichimba chini, wao wakapiga juu." Jenerali Smuts, kamanda mpya wa upande wa Waingereza, alipofika mwezi huo huo hakurudia kosa, mwezi Machi alizunguka kupitia Ziwa Chala, na Wajerumani wakaiacha Salaita wenyewe. Mapigano makali yalifuata kwenye vilima vya Latema na Reata, tarehe 11 na 12 Machi. Navyo havikutajwa.

Angalieni basi hasara yake. Kitu pekee ambacho familia yangu ingeweza kukihakikisha kwa macho, kwamba handaki liko chini na si juu, ndicho mlichokiruka.

Siku ya pili sitaieleza sana. Asubuhi yote ilikuwa Tsavo Magharibi. Tuliona tembo wekundu kwa vumbi, ni wazuri, ila tembo hata Mkomazi wapo na Mkomazi iko nyuma ya nyumba yangu. Maktau tulisimama dakika 15. Reli iliyoanza kujengwa kutoka Voi mwaka 1915 ili kuleta jeshi na chakula chake mpakani tuliiona tukiwa tunakunywa soda. Makaburi ya Voi hatukufika kabisa. Mjukuu wangu alikuwa amejiandaa kuhusu Luteni Wilbur Dartnell wa jeshi la Waingereza, aliyejeruhiwa karibu na Maktau mwezi Septemba 1915 akakataa kubebwa ili abaki na majeruhi wengine, akafa, akapewa Victoria Cross, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Waingereza. Kaburi lake liko Voi. Mtoto alikuwa ameandika ukurasa mzima kwenye daftari na kuacha nafasi ya kubandika picha. Nafasi bado ipo.

Nilipopiga simu ofisini niliambiwa ratiba "inaweza kubadilika kulingana na mazingira". Nakubali. Mvua ikinyesha, daraja likikatika, ninyi si Mungu. Lakini wageni wengine kutaka kuona simba si mazingira, ni uamuzi wa kampuni. Na kama kilima kinahitaji mtu wa kupandisha watu na njia ya kufyeka, kazi ya kumtafuta ni yenu, ndiyo sababu nikalipa kwenu badala ya kupanda basi hadi Taveta.

Ninaomba mambo mawili.

Kwanza, mnirudishie nusu ya fedha, yaani shilingi 720,000, kwa namba ile ile niliyolipia. Sidai zote kwa sababu tulilala pazuri, tukala vizuri, na makaburi ya Taveta tuliyaona. Kama mtapenda kunirudishia kwa njia nyingine, mnaweza kutupeleka Salaita siku moja, sisi watatu, na mtu wa huko anayeijua njia. Dada hatapanda hadi juu. Hana haja, handaki liko chini.

Pili, kijana wenu afundishwe au apewe karatasi ya kusoma. Niko tayari kuiandika mimi, bure, kurasa mbili tu, na wapagazi watakuwa kwenye ukurasa wa kwanza.

Naomba jibu la maandishi ndani ya siku 21. Nisipolipata nitapeleka ratiba yenu, ujumbe wa malipo na nakala ya barua hii Tume ya Ushindani. Sitapenda kufika huko, maana Moshi ni mji mdogo na nimefundisha watu wengi humo, huenda hata Meneja.

Kopo la udongo liko juu ya kabati kwa dada. Amelifunga kwa mfuko wa nailoni lisimwagike.

Wako,

Mwalimu mstaafu,
Mteja wenu wa nafasi tatu.