Barua kwa jirani yangu wa zamani

Nakuru,
Jumapili jioni.

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka Section 58. Sisi wazima, ila vumbi limerudi. Natumai joto la Kisumu halijakumaliza na watoto wameizoea shule.

Lile neno lako, "Nakuru imebadilika, hawatutaki tena," limenikwama kooni kama mwiba wa samaki tangu ulipojiondoa kwenye kikundi cha WhatsApp cha mtaa. Basi wiki hii nilichukua daftari kuukuu la hesabu la kitinda mimba wangu nikaanza kuhesabu. Kila mtu akiandika, nampigia kijiti, kama karani wa kura. Jumatatu hadi Ijumaa. Mume wangu alidhani nimeanzisha chama kingine.

Tuko watu 231. Ujumbe ulikuwa 640. Watu watano tu waliandika 412, na yule bwana aliyekuambia urudi kwenu ana vijiti 163 peke yake. Sijui hula saa ngapi. Wengine 47 waliandika mambo yao ya kawaida: maji yamepotea, stima zimerudi, poleni kwa msiba. Waliobaki, watu 179, hawakuandika hata nukta.

Mtoto wa dada yangu, yule anayesoma Egerton, aliliona daftari akacheka, akasema Marekani walishaihesabu hiyo zamani. Mwaka 2019 kituo cha utafiti cha Pew kilikuta kwamba katika kila watu wazima kumi wa Marekani wanaotumia Twitter, mmoja tu ndiye aliyeandika asilimia 80 ya yote. Watafiti wengine wakawauliza Wamarekani: kati ya watumiaji 100 wa mtandao wa Reddit, wangapi huandika matusi mazito? Wakakisia 43. Walikuwa kama 3. Huko, anasema, mitambo nayo husaidia, maana kinachojibiwa sana ndicho hupandishwa juu, na hakuna kinachojibiwa upesi kama tusi. Kwetu hata mtambo hatuna. Anayeandika mwisho ndiye huonekana kwanza, na yule bwana halali.

Wahenga walisema kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Mimi sasa sikubali. Ng'ombe nimemwona kwa macho yangu akigeuka mtoni na kiu yake, akapanda matatu na magodoro hadi Kisumu. (Usinikasirikie, ni ng'ombe wa methali.)

Wala sikulaumu kwa kuogopa. Januari ya 2008, wakati wa zile vurugu za baada ya uchaguzi, tulikuwa wote hapa, na tunajua wachache wanaweza kuanzisha nini wengi wakinyamaza. Ndiyo maana ile 179 inaniuma kuliko ile 163. Usiku ule ulipotukanwa nilikuwa macho. Nilisoma yote, moja baada ya lingine, nikasema nitakupigia kesho asubuhi. Asubuhi nikaona haya, nikaacha. Wewe ulitazama simu ukaona hakuna aliyekutetea, ukahesabu kimya chetu upande wao. Ungekihesabu vipi vingine?

Jana nilimwandikia msimamizi wa kikundi kwamba yule bwana aondolewe, la sivyo niondoke mimi. Hajajibu. Lakini nilipoandika hadharani kwamba uliyotendewa yalikuwa ya aibu, watu 22 walinifuata, wengi hata sikujua wamo kikundini. Mmoja ni mzee wa nyumba ya kona, yule uliyekuwa ukimpelekea uji alipovunjika mguu. Hajui kuandika vizuri kwenye simu. Alituma sauti tu, "Mwambieni mama arudi," kisha kikohozi kirefu.

Na yule mama wa sukuma wiki pale Top Market ameniuliza habari zako mara tatu. Bado ana chenji yako, shilingi 40. Nilimwambia anipe nikutumie kwa M-Pesa, akakataa. Anataka uje uichukue mwenyewe.

Ni mimi,
jirani yako wa mlango wa bluu.