Barua ya wazi kwa vijana wetu wa Mtwara na Lindi mnaotaka kuaplai masta na PhD ya Kiingereza

Wanangu, shikamoo zenu nimezipokea, marahaba nyote.

Nimeamua kuwaandikia kwa mpigo maana tangu mwezi wa nane kila Jumamosi hapa barazani kwangu Mikindani anakuja mmoja na laptopu, mwingine na simu ya kioo kilichopasuka, swali ni lile lile, mwalimu nataka kuaplai Marekani, mwalimu nataka Uingereza, nikasome Kiingereza, naanzia wapi. Nimejibu mpaka koo limekauka na mama yenu humu ndani kashaanza kuhesabu vikombe vya chai. Basi someni hii kwanza halafu ndo mje.

Kuna jambo linaniuma nalianza nalo. Mnaficha kwenu. Nasoma barua zenu za malengo, hizo mnazoita stetimenti, naona zimeandikwa na mtu ambaye hajawahi kuona mkorosho. Na mi siwacheki, maana nilifanya hivyo hivyo kabla yenu na nikala hasara.

Mwaka 1988 nafundisha sekondari huko Masasi, nikaitwa Dar kwenye usaili wa skolashipu ya kwenda nje, ya nani tuache. Enzi hizo Daraja la Mkapa hakuna, hilo limefunguliwa 2003, Rufiji ikijaa mnalala Ndundu mnasubiri kivuko, nilitumia siku nne njiani nikafika suruali imekakamaa kwa matope kama imepigwa wanga. Kwenye begi nilikuwa na Kinjeketile, tamthilia ya Ebrahim Hussein kuhusu vita vya Majimaji vya kumpinga Mjerumani, ile ya Kiswahili iliyotoka 1969 pamoja na ile ya Kiingereza aliyoitafsiri mwenyewe, zote nimezichorachora pembeni kwa penseli, hapa kasema hivi, hapa kageuza, hapa kaacha. Ebrahim Hussein ni mtu wa Kilwa, na Majimaji yenyewe 1905 yaliwaka huko huko milima ya Umatumbi, yani vitabu viwili vya kwetu kabisa na mi ndani yake nimekaa mwaka mzima. Wale wakubwa mezani wakaniuliza, unasoma nini siku hizi? Nikajibu Milton, yule mshairi wa Kiingereza wa zamani. Milton jamani! Nilikuwa nimemsoma kurasa kumi na moja na kulala usingizi ambao sijaupata tena. Wakaniuliza swali la pili kuhusu huyo huyo Milton nikajikanyaga, la tatu nikanyamaza, na begi liko hapo miguuni limefungwa zipu. Nafasi sikupata.

Niliona hayo matope na hivyo vitabu vya kwetu ni aibu, hawa watu wanataka mtu wa Milton. Hawakutaka. Walitaka mtu anayejua anachokizungumzia.

Na msidhani watu wa huku kusoma Kiingereza ni jambo la jana. Mzee Mkapa, mtoto wa Lupaso hapo Masasi, digrii yake ya Makerere 1962 ilikuwa ya Kiingereza, akaenda kuwa mhariri wa magazeti kabla siasa haijambeba moja kwa moja. Abdulrazak Gurnah wa Unguja, mwandishi wa riwaya, amefundisha fasihi Chuo Kikuu cha Kent miaka na miaka, Nobel ya 2021 imemkuta kashastaafu, na vitabu vyake vimejaa pwani hii hii, misafara, askari wa Mjerumani, maduka, watu wanaodaiana. Hakuna aliyemwambia hizo habari za kijijini aziache nyumbani.

Sasa nawapa mfano wa juzijuzi, mwenyewe kaniruhusu. Binti mmoja kwao Kipatimu, anafundisha huko Tandahimba, kaniletea stetimenti yake, kurasa mbili. Sentensi ya kwanza inasema tangu utotoni amekuwa na mapenzi makubwa na lugha ya Kiingereza. Nikachukua peni nyekundu nikakata. Ya pili, Kiingereza ni lugha ya dunia nzima. Nikakata. Ya tatu, anatoka kwenye familia duni ya wakulima. Hapo nikamwangalia, nikamuuliza, mama, duni umemwandikia nani? Baba yako si ana shamba la mikorosho na mwaka jana kaezeka bati? Akacheka akaziba mdomo na mtandio. Ukurasa wa kwanza ulivyoisha pamebaki jina na tarehe tu. Nikageuza wa pili, chini kabisa kwenye aya ya mwisho, kama kitu kilichodondoka mfukoni, nikakuta mstari mmoja: bibi yake akisimulia Majimaji hasemi maji, anasema dawa, na watoto darasani wakiisoma habari ile ile kwa Kiingereza dawa imekuwa uchawi.

Nikaweka peni chini. Nikamwambia stetimenti yako inaanzia hapa, haya mengine yote ulikuwa unapasha moto injini.

Maana hilo ni swali. Neno limetoka mdomoni mwa bibi likiwa dawa, likapita kwa wamisionari na maofisa wa Kijerumani, likapita kwenye tamthilia, likaingia kitabu cha shule, na kila mlango linatoka na sura nyingine, nani kaligeuza, lini, na msomaji wa Kiingereza anakosa nini. Hilo mtu anaweza kulifanyia kazi miaka mitano asimalize. Ile ya kupenda Kiingereza tangu utotoni ina kazi gani? Watu wanaosoma mafaili huko wanapokea mamia, na karibu wote wanapenda vitabu, wanaopenda vitabu hawana upungufu nao.

Kingine muelewe, idara ya Kiingereza ya huko haikufundishi kuongea Kiingereza. Inasoma fasihi, historia yake, nadharia zake, na siku hizi fasihi ya Afrika, ya Karibiani, ya Bahari ya Hindi, tafsiri, yote imo. Kwa hiyo ukiaplai usiangalie jina la chuo, ingia ukurasa wa idara, angalia nani yupo anayefanya kitu kinachokaribiana na swali lako, soma makala yake hata moja ndo umtaje. Kama hakuna hata mmoja, hicho chuo hata kiwe kikubwa namna gani si chako, hela ya fomu kaa nayo. Na angalieni pia idara za fasihi linganishi, zile zinazosoma fasihi za lugha mbalimbali kwa pamoja, kule Kiswahili chako kinahesabika kabisa. Hata kwenye idara zenyewe za Kiingereza PhD za Marekani nyingi zinadai uweze kusoma lugha nyingine, Wamarekani wanahangaika na kozi za kiangazi wakati wewe umezaliwa na Kimakonde, darasani Kiswahili, msikitini Kiarabu kidogo, halafu unakuja kuandika kwenye fomu lugha: Kiingereza, basi! Huwa nakasirika mpaka basi.

Hata hapa Afrika Mashariki hili jambo lilishasemwa zamani, 1968 pale Chuo Kikuu Nairobi wasomi akina Ngũgĩ, Taban lo Liyong na Owuor-Anyumba waliandika waraka wakauliza kwa nini idara ya Kiingereza ndo ikae katikati na sisi tukae pembeni. Ndo maana vyuo vya kwetu vingi mtaikuta inaitwa Idara ya Fasihi, ukitafuta kwa neno Kiingereza peke yake utapitwa. Masta ipo Dar, ipo Dodoma, msiidharau, wengi wameanzia hapo wakaruka.

Haya, sampo ya maandishi. Hapa ndo vijana wetu wengi wanaanguka na hawajui walichokanyaga. Wanataka insha, mara nyingi kurasa 15 mpaka 25, na nyie mnachukua disetesheni ya mwaka wa tatu mnaituma nzima, sura ya kwanza usuli wa tatizo, malengo mahsusi, sura ya tatu mbinu za utafiti, hojaji walipewa walimu ishirini. Msomaji wa fasihi akifika kwenye hojaji anafunga. Yeye anataka akuone wewe umekaa na maandishi, umechukua kifungu, umekifinya mpaka kimetoa maji, una hoja na unaitetea. Chukueni sura ya nne ile yenye uchambuzi, ing'oeni, muiandike upya kama insha yenye hoja moja. Ni kazi ya miezi miwili, si wikiendi. Na hizi akili mnemba nawaomba, ikusaidie kutafuta nukta iliyopotea sawa, lakini ukiipa ikuandikie utapata ile ile aliyopata mwenzako wa Morogoro na wa Manila, na mtu aliyesoma insha za wanafunzi miaka thelathini anainusa.

Riferii, yani wahadhiri wa kukuandikia barua za kukupendekeza. Wanataka barua tatu kwa kawaida, na mfumo unamtumia mhadhiri linki moja kwa moja kwenye imeili yake. Mwambieni mapema, miezi miwili kabla, msimtumie meseji ya "mambo dokta" wiki ya mwisho. Mpe ukurasa mmoja: kozi alizokufundisha, maksi ulizopata, insha uliyomwandikia ilihusu nini, swali lako ni lipi. Maana asipokuwa na cha kusema atakuandikia barua ya mtendaji wa kijiji, namfahamu, ni mtiifu, ana nidhamu, hana rekodi ya uhalifu. Nimeziona! Utiifu huko hauna soko, wanataka kujua unafikiri vipi. Na akikwambia andika mwenyewe nije nisaini, mtafute mwingine kwa heshima, barua tatu zenye mkono mmoja zinajulikana.

Mengine nayapitia haraka. GPA yetu ni ya tano, yao ni ya nne, kwenye fomu chagua kipimo cha 5.0 uandike ilivyo, usijipigie hesabu mwenyewe, kuna kijana alijaza 3.8 kwenye mfumo wa nne akaonekana kama malaika halafu transkripti ikamuumbua. Majina yafanane, cheti cha kuzaliwa, cha form four, paspoti, maana huku kwetu mtu shuleni Saidi, kwenye kipaimara Simoni, nyumbani jina la babu. GRE, ule mtihani wa kuombea masomo ya juu Marekani, vyuo vingi hawaitaki tena. IELTS au TOEFL, mitihani ya kupima Kiingereza chako, angalia kwanza, vingine vinakusamehe kama digrii yako ilifundishwa kwa Kiingereza, na matokeo yake yanaishi miaka miwili tu usifanye mapema mno. Dedilaini za Marekani nyingi zinaangukia Desemba mpaka mwanzoni mwa Januari, na wakiandika saa sita kasoro dakika moja usiku kwa saa za New York, hapa Mtwara ni saa mbili kasoro moja asubuhi ya kesho yake, ila msiningojee huo muda, mnajua umeme wetu.

Hela. Fomu moja ni dola hamsini mpaka mia na kitu, kuna msamaha wa ada, unawaandikia ofisi yao unaomba, wengi hawaombi kwa aibu. Msingoje hela ya korosho, mnada ukichelewa na malipo yakichelewa dedilaini haijui stakabadhi ghalani, huo mfumo wetu wa kuuzia korosho. PhD ya Marekani kwa idara nzuri unasamehewa ada na unalipwa posho huku unafundisha, miaka mitano au sita, na ofa yenye fandi, yani ufadhili, vyuo vingi vinakupa mpaka 15 Aprili uamue, usikubali kusukumwa. Masta ya huko mara nyingi unalipa mwenyewe, kwa hiyo msinifurahie barua ya kukubaliwa bila kusoma ukurasa wa pili. Uingereza masta ni mwaka mmoja, skolashipu za Chevening na Commonwealth ndo mlango, Chevening inataka uwe na miaka miwili ya kazi na ukimaliza urudi nyumbani miaka miwili. Na kuna hii ya Fulbright, skolashipu ya serikali ya Marekani, inaitwa FLTA, unakwenda mwaka mmoja wa masomo kusaidia kufundisha Kiswahili chuo cha kule huku unasoma kozi kadhaa, kwa mwalimu kijana naiona nzuri kuliko zote, unakwenda kuona kwa macho kabla hujajifunga.

Walioajiriwa, ruhusa ya masomo ombeni kwa maandishi, barua ipite kwa mkuu wa shule mpaka kwa Mkurugenzi wa halmashauri, mkae na nakala yenye mhuri. Msitoroke kituo.

Na nisiwafiche, kazi za uprofesa wa Kiingereza huko Marekani zimepungua sana tangu 2008, watu wana PhD na wanafundisha kozi za kuokoteza. Anayekwenda akidhani atabaki kuwa profesa Boston ajue wenyeji wenyewe wanazigombania. Mi nikiulizwa nasema nendeni, ila nendeni na swali mnalolitaka hata kama halina mshahara, maana miaka sita ni mingi kukaa na kitu usichokipenda kwenye baridi ile.

Yule binti wa Kipatimu kaandika upya mara nne. Ya nne nimeisoma jana usiku kwa tochi ya simu, peni nyekundu niligusa mara mbili tu, na moja ilikuwa koma.

Jumamosi hii sipo, nakwenda Newala msibani. Inayofuata nipo kuanzia saa tisa, mje na karatasi zilizoprintiwa, herufi kubwa, maana kuna mmoja wenu wa Nachingwea kaondoka na miwani yangu akidhani ya kwake, nae airudishe.

Mwalimu wenu mstaafu,
Mikindani