Shanga za gazeti zinatuharibia soko, na karatasi bora inachomwa moto

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu yako ya barua tuseme neno juu ya mafunzo ya kazi za mikono yanayotolewa kwa vikundi vya akina mama na vijana. Wakufunzi wengi hufundisha kukunja shanga kwa magazeti makuukuu, kwa kuwa yanapatikana kila nyumba. Siku ya kwanza shanga hizo hupendeza. Mvaaji akitoka jasho mara mbili tatu zinalainika, wino unashika kwenye kola, na mnunuzi harudi tena.

Kosa si la mikono ya mtengenezaji. Karatasi ya gazeti, pamoja na hili letu tulipendalo, ina nyuzi fupi za mti uliosagwa na haina kinga ya maji. Hunywa gundi, huvimba, na baada ya miezi michache hugeuka njano hata chini ya vanishi.

Karatasi inayofaa ni ile ya kung'aa ya kalenda, brosha na majarida, yenye uzito wa gramu 115 hadi 150 kwa mita ya mraba. Kama hujui uzito wake, izungushe kwenye penseli kisha uiachie. Ikifunguka yote kwa mkupuo ni nene mno, na shanga yake itafumuka. Ikibaki imejikunja kidogo, chukua. Halafu lowesha kidole usugue picha kwa sekunde 10. Kidole kikishika rangi, hiyo imetoka kwenye printa ya wino wa maji. Iache, maana itachuja mara tu ikigusana na gundi.

Karatasi hizi hazitafutwi jalalani, kwa sababu huko zimeshalowa na kushika mafuta ya chipsi. Zinapatikana kwa wachapaji. Kila kazi inapoanza, mashine huharibu karatasi za mwanzo wakati fundi analinganisha rangi, na mashine ya kukatia huacha vipande vya pembeni. Msimu mzuri ni Novemba hadi Januari, wachapaji wanapochapa kalenda mpya na ofisi zinaposhusha za zamani.

Ukataji nao una hesabu yake. Chukua karatasi ya A4, yenye upana wa sentimita 21. Ukingo wa juu weka alama kuanzia 0, kila baada ya sentimita 2. Ukingo wa chini anzia sentimita 1, kisha kila baada ya 2. Unganisha alama kwa mistari ya kwenda na kurudi, na utapata pembetatu ndefu 20 bila kutupa kitu zaidi ya vipande viwili vyembamba vya pembeni. Kila moja hutoa shanga yenye urefu wa sentimita 2 na unene wa milimita 6 hadi 7. Mkufu wa sentimita 50 uliojaa shanga hizo tupu unahitaji 25, yaani karatasi moja na robo.

Anza kukunja kwenye upande mpana, kwa spoku ya baiskeli au kijiti cha mshikaki. Mzunguko wa kwanza usipakwe gundi, la sivyo shanga itagandia kwenye kijiti na utaipasua ukiivuta. Gundi nyeupe ya mbao ichanganywe vipimo viwili kwa kimoja cha maji. Uji wa unga wa ngano ni rahisi zaidi, lakini huita mende na kuvu, nasi hatuushauri kabisa. Ncha ikienda upande, shanga imekwisha kupinda. Irudishwe ikunjwe upya kabla gundi haijashika.

Vanishi ndipo wengi wanapopotezea kazi. Tunga shanga kwenye mshipi wa kuvulia uliofungwa baina ya misumari miwili, zisigusane. Paka mikono mitatu myepesi, na kila mmoja ukauke vizuri kabla ya unaofuata. Mkono mmoja mzito hukauka juu na kubaki mbichi ndani, na shanga hushikana zikiwekwa kwenye boksi. Huku Pwani wakati wa masika vanishi nyingine huweka utando mweupe kama ukungu. Subirini siku yenye jua na upepo.

Vitenge vina habari fupi zaidi. Chini ya kila cherehani kuna mabaki, ila yamechanganyika. Chomoa uzi uuwashe: pamba huungua ikinuka karatasi na kuacha majivu laini, poliesta huyeyuka na kuacha kidonge cheusi kigumu. Yatenganishe, kwa sababu pasi ya moto wa pamba itaharibu poliesta. Kwa bangili ya kuzungushia kitambaa, kata kanda za sentimita 3 kwa mshazari. Kanda iliyofuata uzi ulionyooka haivutiki, na itajaa mikunjo upande wa ndani, pale pale inapogusa ngozi. Mwili wa bangili hupatikana kwenye mabaki ya mabomba ya plastiki kwa mafundi bomba. Yakatwe kwa msumeno wa chuma, yapigwe msasa yakiwa yamelowa. Msiyalainishe kwa moto, moshi wake ni sumu.

Tangu mifuko ya rambo ipigwe marufuku nchini, Juni 1, 2019, msusi wa vikapu anayetaka utepe wa plastiki anabaki na salfeti, yaani viroba vilivyofumwa kwa nyuzi za plastiki. Zichagueni zilizohifadhiwa ndani. Salfeti iliyokaa juani hukatika mkononi, na kikapu chake hakimalizi mwaka.

Kutumia mabaki si umaskini wa sanaa. Edward Saidi Tingatinga, alipoanza kuchora hapa Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, alitumia vipande vya hadibodi na rangi za mafuta za kupakia baiskeli, na jina lake leo ni jina la sanaa nzima. Alichagua ubao usiopinda na rangi isiyochuja. Uchaguzi huo ndio tunaouomba ufundishwe.

Kwa wachapaji na mafundi cherehani ombi letu ni dogo. Msichome. Wekeni boksi moja mbali na sakafu, karatasi zilale bila kukunjwa, vitambaa viwe kwenye kiroba chao peke yake, bila mabaki ya chakula wala mafuta ya mashine. Na vikundi navyo vipange siku maalumu ya kuchukua na visiikose, kwa kuwa boksi likijaa bila mtu kufika, mwenye duka atarudi kwenye kiberiti.

Ni sisi watengeneza shanga na wasusi,
Ilala, Dar es Salaam