Kwa wifi yangu anayekuja Machame kwa mara ya kwanza

Wifi yangu mpendwa,

Ujumbe wako niliusoma usiku, nikaurudia asubuhi kabla ya chai. Unauliza uje na nini Krismasi hii, maana ndiyo mara yako ya kwanza kufika Machame, huku kwetu mlimani Kilimanjaro, nauli ya watu wanne imemaliza karibu akiba yote, na hutaki kuingia kwa wakwe mikono mitupu. Nakujibu hapa hadharani kwa sababu wapo wake wengine walioolewa huku kwetu ambao swali hilo huwanyima usingizi kila Novemba, na hawana wifi wa kumuuliza.

Una cherehani. Kaka amenisimulia unavyoikalia usiku watoto wakishalala, ukishona mashuka na mapazia ya majirani. Basi shona zawadi zako. Ila nakuomba kitu kimoja kwa moyo wote: usimshonee mtu nguo.

Najua ndilo wazo la kwanza linalokuja, hata mimi lilinijia. Mwaka juzi niliwashonea watoto wa kaka zangu magauni matatu kwa vipimo nilivyotumiwa kwa simu mwezi wa 9. Kufika Desemba, watoto wamekua. Asubuhi ya Krismasi, watu wote wameshashika njia ya kanisani, yule mkubwa alikuwa amesimama katikati ya chumba, zipu imekwama mgongoni, analia bila sauti, na mama yake anaivuta taratibu asiniangalie usoni. Alikwenda ibadani na gauni lingine. Machozi yale sijayasahau. Nguo inataka mwenyewe asimame mbele yako umpime, na wewe watu wa huku bado hujawaona. Kazi zao, lakini, unaweza kuzijua ukiwa huko huko Dar es Salaam, kwa sababu nitakueleza mimi, na kitu cha kumsaidia mtu kazi yake ya kila siku hakihitaji kipimo cha kiuno.

Tuanze na mama. Amepita miaka sabini na bado anafuga ng'ombe wawili wa maziwa bandani. Majani yao anayaleta kichwani. Tumemsihi sana aache, hasikii, na kusema kweli nimeacha kumsihi kwa sababu naona njia ile ya kihambani, shamba letu la migomba, ndiyo inayompa nguvu. Anachojitwisha nacho ni kanga kuukuu aliyoiviringisha kuwa ngata. Kila akifika kwenye mfereji, pale pa kuruka, ngata inafumuka. Inabidi atue mzigo, aviringe upya, kisha asubiri mtu apite amtwishe. Nimemkuta hapo zaidi ya mara moja, amekaa juu ya mzigo wake wa majani, anangoja.

Mshonee ngata isiyofumuka. Kata kitenge kipande cha upana wa sentimita 20 na urefu wa sentimita 50, kikunje kwa urefu upande wa ndani ukiwa nje, ushone kama mrija, kisha kigeuze. Halafu usitupe hata uzi mmoja wa mabaki yako: yakate vipande vidogo vidogo kama mchicha wa kupika, uyashindilie ndani ya mrija kwa mpini wa mwiko mpaka ukibonyeza kwa kidole gumba pasibonyee. Hapo ndipo kazi yote ilipo. Ngata ya vipande vilivyolegea itakuwa bapa ndani ya wiki moja, na mzigo utagusa fuvu. Ukishajaza, ingiza ncha moja ndani ya nyingine uishone kwa mkono, uzi mara mbili, ukirudia nyuma kila hatua. Usiijaze sponji. Sponji ni laini siku unayonunua, ila chini ya mzigo inalala, na ikilowa mvua za vuli haikauki upesi.

Mpe akiwa jikoni, mkiwa wawili tu. Ukimpa sebuleni mbele ya wageni, mtu asiyejua anaweza kudhani unamkumbusha mkweo kwenda kukata majani. Jikoni ataivaa hapo hapo kichwani na utamwona anacheka.

Zawadi ya pili, ambayo ningependa kila mwanamke wa nyumba hii aipate, ni mfuko wa kitambaa. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku tarehe 1 Juni 2019, kila mtu amezoea ile mifuko mbadala ya sokoni inayochanika mshikio ukibeba kilo tatu. Na hapa nikueleze jambo ambalo hujaliona bado. Kwenye sharika zetu za Kilutheri, watu huleta sadaka ya mazao: mkungu wa ndizi, kuku, mayai, maparachichi, maziwa kwenye chupa. Ibada ikiisha, vinapigwa mnada pale nje. Siku za sikukuu, watoto wote wa mjini wakiwa wamerudi, mnada huchangamka sana, shangazi zako watanunua, kisha utawaona wanafunga maparachichi kwenye pembe ya kanga na mayai wanayashika mkononi huku wanapanda mlima. Mfuko wenye kitako kipana ungewafaa Jumapili ile ile.

Kitenge cha kawaida kina upana wa kama sentimita 115. Ukinunua mita 1 na sentimita 10, ukakifua kwanza ili kirudi kinakorudi, utapata mifuko miwili. Kila mfuko ni vipande viwili vya sentimita 42 kwa 45 na mikanda miwili ya sentimita 60 kwa 8. Vile vipande vinne vipange viwili viwili, mikanda mitatu itoke ubavuni na wa nne uukate chini. Kinachobaki kinaingia kwenye ngata ya mama. Mikanda ikunje tabaka nne, iwe minene, na pale inapokutana na mdomo wa mfuko shona mraba kisha ushone msalaba katikati yake. Mfuko hauchaniki tumboni, huchanikia hapo. Kitako kipate kusimama, bana kila pembe ya chini iwe pembetatu, shona sentimita 5 kutoka kwenye ncha, basi.

Kama utatumia kanga, nisikilize vizuri. Kanga za pamba zinafaa sana kwa mfuko na bei yake unaijua, doti moja inakupa vipande viwili vya kama sentimita 150 kwa 110. Ila kanga ina jina, na jina husomwa. Kwa mama mkwe na mashangazi hilo si pambo. Ukichukua kanga kwa kupenda rangi, kumbe chini imeandikwa "Nilikudhani dhahabu kumbe adhabu", hakuna atakayeamini kwamba hukusoma. Tafuta maneno ya heri, "Wema hauozi" au mfano wake, na uyasome mwenyewe, usimwachie muuzaji akusomee.

Na ukishachagua jina, angalia mkasi wako unapita wapi. Nilimshonea mama mfuko wa kanga iliyoandikwa "Hakuna kama mama". Nilipanga maua ya mji, ile sehemu ya kati ya kanga, yakae sawasawa katikati, sikuangalia maandishi. Nilipomkabidhi, mama aliutazama, akavaa miwani, akasoma kwa sauti: "Hakuna." Akanitazama. "Hakuna nini, mwanangu?" Nilikata maneno mawili yaliyokuwa na upendo wote. Yalikuwa kwenye kipande kilichobaki mezani kwangu Moshi, nikakifuata siku ile ile, nikakishona ndani ya mfuko kama kijimfuko cha fedha. Hadi leo akitoa hela ya mnada anapitisha vidole juu ya "kama mama". Namshukuru Mungu nilikuwa sijakitupa. Wewe pima maandishi kwanza, ndipo upime mfuko.

Wake wa kaka wengine wawili watakuwa nawe jikoni tangu tarehe 23. Sufuria la machalari, zile ndizi zetu za kupika na nyama, la siku ile si sufuria unalolijua. Halina mishikio, na huepuliwa na watu wawili kwa pembe za kanga. Kila mwaka kuna mtu anayeungua. Washonee vishikio, viwili viwili, mraba wa sentimita 20. Nje kitenge, ndani tabaka mbili za taulo kuukuu, kisha piga mishono ya kukatiza ili tabaka zisihame. Vitambaa vyote viwe pamba tupu. Usiamini maneno ya dukani: chomoa uzi mmoja uuchome. Pamba inaungua kama karatasi, inaacha majivu unayoyasaga kwa vidole. Ukiona uzi unayeyuka na kuacha kishanga kigumu cheusi, kitambaa hicho kitamyeyukia mtu mkononi. Kishonee pazia.

Kaka zetu na vijana ndio huchinja mbuzi na kuchoma, na mashati yao ya sikukuu hufia hapo. Aproni za jinzi zingewatosha. Nenda kwenye mitumba, tafuta suruali kubwa isiyochakaa magotini, fumua miguu yote miwili, iunge. Weka sindano namba 16, ile namba 14 ya kitenge itavunjika kwenye mikunjo minene. Mfuko wa nyuma wa suruali uhamishie kifuani, waweke kisu kidogo kikiwa kwenye ala, au simu.

Watoto hesabu yao sikuandikii, maana huongezeka wakifika wa jirani. Shona vifuko vya kufunga kwa kamba kutoka kwenye vipande vya rangi rangi, kumi na tano hivi, viwili au vitatu vya ziada. Mshono ni wa moja kwa moja pande mbili na njia ya kamba juu. Mchana mmoja unavimaliza. Januari shule zikifunguliwa penseli na kifutio vitakuwa humo.

Baba mwachie mimi, nitamshonea mfuko wa Biblia na kitabu chake cha nyimbo, tutasema tumeshona wote wawili. Kwa baba napenda zipu iwe ndefu ya kupinda pembe zote mbili, ili kitabu kisikwame, na vidole vyake siku hizi havishiki vitu vidogo, kwa hiyo kwenye zipu nitafunga kamba ya ngozi ya kuvutia.

Vipande usivinunue vyote. Nenda kwa mafundi wa mtaani kwenu sasa hivi, kabla Desemba haijawazidi. Mwezi huu wanashona sare za harusi na za kwaya, na chini ya meza zao kuna mabaki ambayo wengine huyachoma. Waambie ukweli unachotaka kufanya, acha hela ya soda, rudi baada ya siku tatu. Mimi hapa Moshi nimeshaanza kukusanya kwa wale wanaokaa kwenye baraza karibu na soko, na jinzi nitazitafuta Memorial, kwenye soko la mitumba.

Ukifika nazo nyumbani, loweka kila rangi peke yake. Kitenge kinachochuja hukijui mpaka ukiloweke, na kikishaungwa na cheupe hakuna sabuni ya kukuokoa. Suuza mpaka maji yatoke meupe, anika kivulini, piga pasi, ndipo ukate. Siku ya kufua na siku ya kukata zisiwe siku moja, wifi, kitambaa chenye unyevu hudanganya tepu.

Kitu kingine kinachonifurahisha ni mizigo. Safari ni zaidi ya kilomita 500, na mabasi ya Desemba unayaona mwenyewe, makondakta wanagombana na watu juu ya kila ndoo na kila boksi. Mifuko, vishikio, aproni na vifuko vya watoto vyote vinalala bapa ndani ya begi moja. Ngata pekee ndiyo ina umbo. Iweke katikati, uijaze soksi za watoto kwenye tundu lake.

Usiogope kwamba kazi yako ni ndogo mbele ya watakaokuja na majokofu na televisheni. Wapo, na tunawashukuru. Lakini mimi nimekuwa jikoni kwa mama miaka yote, nimeona kinachofunguliwa na kuwekwa kabatini na kinachoning'inizwa msumarini karibu na mlango kwa sababu kinahitajika kesho yake asubuhi.

Mkifika tarehe 22, laleni kwangu mjini usiku mmoja kabla ya kupanda Machame. Cherehani yangu nimeitia mafuta na mkanda nimebadilisha. Nyuzi za rangi nyingi ninazo, isipokuwa ya zambarau iliyokolea imeniishia na dukani hapa sijaipata. Ukiiona Kariakoo nichukulie mbili. Vishikio ambavyo hujavimaliza vije hivyo hivyo na pini zake, tutavimalizia usiku huo, wewe ukishona na mimi nikikata nyuzi.

Wasalimie watoto, na kaka mwambie asisahau dawa ya mgongo ya baba.

Wifi yako, Moshi