Mwanangu, mahubiri ya Dominika yaanze Jumatatu

Mwanangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Habari kwamba padre amekukabidhi ibada za Dominika hapo kigangoni zilitufikia kabla ya barua yako, na mama yako hajaacha kuimba. Unauliza uanzie wapi kuandaa mahubiri. Anza Jumatatu. Anayeanza Jumamosi usiku anatafuta tu maneno ya kujaza dakika.

Masomo ya Dominika huzunguka kwa miaka mitatu, kila mwaka na Injili yake kuu. Tazama kalenda ya liturujia uone ni mwaka gani: A ni Mathayo, B Marko, C Luka. Kisha soma Injili kwanza, ingawa ibadani husomwa mwisho. Katika Dominika za kawaida somo la kwanza limechaguliwa kwa ajili ya Injili hiyo, na Zaburi hulijibu. Somo la pili lina njia yake, hufuata waraka mmoja wiki hadi wiki. Usilishone na mengine kwa nguvu. Nimewasikia wahubiri wakiyalazimisha yote matatu yaseme jambo moja, waumini wakatoka bila hata hilo moja. (Kipindi cha Pasaka ni tofauti, somo la kwanza hutoka Matendo ya Mitume.)

Chukua Dominika ya 17 ya Mwaka B, utakayokutana nayo Julai 2027. Wiki iliyotangulia Marko anatuacha na umati ulio kama kondoo wasio na mchungaji. Unangoja walishwe, mara tunahamia Yohane sura ya 6, kwa kuwa Injili ya Marko ni fupi. Somo la kwanza ni la nabii Elisha: mikate 20 ya shayiri, watu 100, na mtumishi anayeuliza itawatoshaje. Kwa Yohane mikate ni 5, na Andrea anauliza vilevile. Katika Injili zote nne ni Yohane peke yake anayetaja kwamba ilikuwa ya shayiri, mkate wa maskini. Kaa hapo. Watu wako wanajua kugawana unga kabla ya mavuno, huna haja ya kuazima hadithi.

Wala usimalize yote siku hiyo. Sura hiyo inaendelea hadi Dominika ya 21: kuna mana, kuna mkate wa Eliya jangwani. Ila mwaka 2027 Dominika ya 20 inaangukia Agosti 15, Kupalizwa kwa Bikira Maria, na masomo yake ni mengine kabisa. Kalenda kwanza, kalamu baadaye.

Dominika ya 21 ina somo la pili ambalo wengi hulikwepa: Waefeso 5, panapowaambia wake wawatii waume zao. Wanaume watakukodolea macho, wewe mwanamke, waone utasemaje. Usiliruke. Anzia mstari wa 21, unaotaka wote wanyenyekeane, halafu waonyeshe kwamba Paulo anawaambia waume mengi kuliko anavyowaambia wake. Injili ya siku hiyo yenyewe inasimulia wafuasi walionung'unika kuwa neno ni gumu, wakaondoka. Basi hutakuwa wa kwanza kukimbiwa.

Dakika kumi zinatosha. Na wape wasomaji masomo yao tangu Alhamisi, maana msomaji anayekutana na jina Baal-shalisha, kule alikotoka mtu aliyemletea Elisha mikate, kwa mara ya kwanza akiwa mimbarini, mahubiri yako hayawezi kumwokoa.

Mama anakusalimu. Tuandikie.

Baba yako