Maombi ya kukabidhi washukiwa yawekewe muda

Mhariri,

Naandika kuhusu maombi ya mataifa mengine ya kukabidhiwa washukiwa walioko Kenya ili wakashtakiwe huko, suala ambalo huzuka magazetini kisha likatoweka kabla halijatatuliwa. Mwaka 2011 kisiwa cha Jersey kiliomba kikabidhiwe aliyekuwa waziri wa nishati na aliyekuwa mkuu wa shirika la umeme, wajibu tuhuma za ufisadi. Badala ya ushahidi kupimwa, yalizuka mabishano kuhusu ni nani mwenye mamlaka ya kulifikisha ombi hilo mahakamani, Mwanasheria Mkuu au Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Mahakama ya Juu ilipoamua, Novemba 2021, kwamba ni Mkurugenzi, miaka kumi ilikuwa imekwisha.

Ucheleweshaji wa namna hii ndio unaowashawishi maafisa kutafuta njia ya mkato. Januari 2017 ndugu wawili wa familia ya Akasha ya Mombasa walisafirishwa hadi Marekani ilhali kesi ya kuamua iwapo wakabidhiwe ingali mahakamani. Baadaye walikiri makosa ya dawa za kulevya, nami siwatetei, ila kukiri huko hakuihalalishi njia iliyotumika.

Naliomba Bunge lizirekebishe sheria zetu mbili, Sura ya 76 na ile ya 77 inayohusu nchi za Jumuiya ya Madola, ziweke idadi ya siku za kusikiliza ombi na rufaa, na zikataze waziwazi mshukiwa kutolewa nchini kabla rufaa yake haijaamuliwa.

Msomaji wako,
Mombasa