Skrubu ya kabureta imegoma? Weka bisibisi chini kwanza

Pikipiki nyingi zinazoletwa gereji kwetu kwa ajili ya kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini, hufika zikiwa na matatizo mawili. La kwanza ni lile lililomfanya mwenye pikipiki aanze kuhangaika: sailensa (mzunguko wa injini ukiwa hujavuta resi) haitulii, injini inazima ukiachia resi, au inabugia mafuta. La pili ni skrubu iliyoliwa kichwa, na mara nyingi hili ndilo linalotuchukulia muda. Kusafisha kabureta ni kazi ya kawaida. Kung'oa skrubu isiyo na pa kushikia ni kazi nyingine kabisa.

Mtu akiona skrubu haizunguki hudhani imeshika kutu, basi anaongeza nguvu. Kabla ya kufika huko, angalia bisibisi uliyoshika. Pikipiki za Kijapani, na nyingi zilizoundwa kwa kufuata mfano wao, zina skrubu za JIS, yaani kiwango cha viwanda cha Japani. Kwa macho zinafanana na skrubu za kawaida za nyota, ila mashimo yake hayalingani sawasawa na ncha ya bisibisi ya nyota tuliyozoea. Ncha hiyo hugota chini kabla mabawa yake hayajajaa kwenye msalaba. Ukikaza mkono, bisibisi inapanda, inateleza na kuondoka na kingo za shimo. Ikiteleza mara mbili tatu, msalaba umegeuka kuwa shimo la duara. Skrubu za JIS mara nyingi huwa na kitone kidogo kichwani, pembeni ya msalaba. Ukikiona, tafuta bisibisi ya JIS. Kwa skrubu za bakuli la kabureta, kile kikombe cha chini kinachokaa petroli, ambazo kwa kawaida ni za milimita 4, saizi namba 2 ndiyo inayokaa. Kwa maoni yetu, mwenye pikipiki akinunua bisibisi moja tu maishani, na iwe hii.

Lakini kugoma kwa kweli kupo. Mwili wa kabureta husubiwa kwa aloi ya alumini au zinki, na skrubu za bakuli ni za chuma. Metali mbili tofauti zikikutana na unyevu, ile dhaifu huliwa, na unga mweupe unaotokana na kuliwa huko hujaza nafasi yote kati ya meno. Skrubu za ndani, zile za shaba ya njano, hukwama kwa sababu nyingine: petroli iliyolala miezi mingi hupoteza sehemu yake nyepesi na kuacha utomvu unaonata kama gundi. Petroli yenye ethanoli inavuta maji pia, kwa hiyo pikipiki iliyoegeshwa muda mrefu inaweza kukupa yote mawili kwa mpigo.

Tukipokea kabureta ya namna hiyo, tunamwaga petroli yote, tunachokonoa uchafu kwenye msalaba kwa sindano mpaka chini paonekane, halafu tunapuliza dawa ya kulegeza kutu na kuiacha. Hapo ndipo wateja wengine huona tunawachelewesha. Dawa ile hupenya polepole kwenye nafasi nyembamba kuliko unywele, na kuipa dakika 5 ni sawa na kutoiweka. Tukikwambia uache kabureta hadi kesho, ni kwa sababu hiyo.

Ikishalowa, bisibisi inasimamishwa wima kwenye skrubu, kabureta ikiwa imelala juu ya ubao, na mpini unagongwa kwa nyundo ndogo. Mapigo mafupi ya kustua tu. Halafu skrubu inakazwa kidogo kwanza, kiasi cha kusikia imeshtuka, ndipo inafunguliwa. Bisibisi ya kugonga, ile inayojizungusha ukiipiga nyundo, inafaa kwenye vifuniko vya injini. Kwenye kabureta tunaiogopa, kwani masikio ya kabureta yanayoshika skrubu ni membamba na yakipasuka hakuna wa kuyarudisha. Kuibana kabureta kwenye jiliwa nako ni kuitafutia ufa.

Joto nalo lina nafasi yake. Alumini hutanuka karibu mara 2 ya chuma, kwa hiyo hewa ya moto ikielekezwa kwenye mwili wa kabureta hulegeza mshiko wa skrubu ya chuma. Skrubu ya shaba hutanuka kwa kiasi kinachokaribiana na alumini, hivyo joto huko husaidia zaidi kulainisha utomvu. Mpira na plastiki vyote vitolewe kwanza, petroli isiwepo hata harufu yake, na moto wa wazi usitumike kabisa.

Kichwa kikishaliwa, bado kuna njia. Kama kimejitokeza juu, koleo la kujifunga hukishika kwa pembeni na kukizungusha. Kama kimezama, tunakata mfereji kwa msumeno mwembamba na kutumia bisibisi bapa. Ikishindikana, tunatoboa kichwa chenyewe kwa keekee mpaka kinadondoka. Mteja akiona hivyo roho inamruka, lakini kichwa kikiondoka bakuli linanyanyuka, na kipande kilichobaki kinakuwa kimesimama nje na shingo ya kutosha kushikwa. Baada ya hapo tunafunga skrubu mpya za kichwa cha ufunguo wa elki (shimo la pembe sita), zenye urefu uleule. Ndefu zaidi zitagota kabla bakuli halijabana, na petroli itavuja.

Skrubu ya kurekebisha mchanganyiko wa petroli na hewa ndiyo inayotutia wasiwasi kuliko zote. Ni ya shaba, mfereji wake ni laini, na mbele ina ncha kali kama sindano. Kwenye baadhi ya pikipiki imefunikwa na kizibo kiwandani kwa ajili ya sheria za moshi, kwa hiyo mtu anaweza kuitafuta asiione. Bisibisi lazima ijaze upana wote wa mfereji. Ikivunjika, hutobolewa kwa ncha ya keekee inayozunguka kinyume, ambayo mara nyingi huing'oa skrubu yenyewe ikiwa inatoboa. Vile vyuma vya kung'olea skrubu zilizovunjika tunavikwepa kwenye tundu dogo kama hili: ni vigumu mno, na kikikatikia ndani keekee ya kawaida haikigusi.

Skrubu ya mchanganyiko ikizunguka, usiitoe moja kwa moja. Ikaze taratibu huku ukihesabu mizunguko mpaka iguse chini, iguse tu, kisha andika idadi. Wanaoikaza kwa nguvu huvunja ile ncha na kuiacha ndani ya tundu. Nyuma yake hutoka springi, washa na oringi (kipete cha mpira), na oringi hupenda kubaki ndani. Ivute kwa waya mwembamba uliokunjwa. Tumeshafungua kabureta zenye oringi mbili, ya zamani imebanwa chini ya mpya, na mwenyewe anashangaa kwa nini pikipiki haikubali kutuni.

Kurekebisha kwenyewe ni rahisi kuliko yote haya. Injini iwe ya moto, kichujio cha hewa kiwe safi, na kusiwe na hewa inayopenya kwenye mpira wa kabureta. Jua pia una skrubu ya aina gani. Ikiwa upande wa injini, kwa kawaida inapima mafuta: kuifungulia ni kuongeza mafuta. Ikiwa upande wa kichujio, inapima hewa, na kuifungulia ni kupunguza utajiri wa mchanganyiko. Anza na idadi ya mizunguko iliyo kwenye kitabu cha pikipiki. Nyingi huangukia kati ya 1 na nusu na 2 na nusu. Zungusha robo kwa robo, subiri injini iitikie, tafuta pale inapounguruma juu na kutulia, halafu shusha sailensa kwa ile skrubu nyingine ya kusukuma slaidi, kile kipande kinachopanda na kushuka ndani ya kabureta ukivuta resi.

Resi ikichelewa kushuka ukiachia mkono, au eksozi ikipiga mipasuko, mafuta ni machache. Plagi ikiwa nyeusi ya masizi na injini inasinzia, yamezidi. Kama skrubu ya mafuta inataka mizunguko zaidi ya 3 ndipo injini itulie, jeti ndogo (kile kipande chenye kitundu kinachopima mafuta ya sailensa) imeziba au si saizi yake, na hakuna kurekebisha kutakakoiponya. Wanaotuomba tuikaze ili pikipiki ile mafuta kidogo huwa tunawaeleza kwamba skrubu hii hufanya kazi zaidi kwenye sailensa na resi ya chini, mpaka kama robo ya mkono wa resi. Ukiwa mwendo wa kasi, mafuta yanapita kwenye jeti kubwa.

Ukituletea kabureta ambayo skrubu yake imeshaliwa, ilete kama ilivyo. Usijaze gundi kwenye kichwa wala usijaribu bisibisi kubwa zaidi. Ule mwanya kidogo uliobaki tunauhitaji. Na kama unakumbuka skrubu ya mchanganyiko ilikuwa imefunguliwa mizunguko mingapi kabla hujaigusa, tuandikie kwenye karatasi.